Mume Wangu Hulala Linapolala Gari

Mume wangu amelala katika nyumba za watu kuliko mwanamume mwingine yeyote wa Karatu, na mfuko wa kwenda kulala huko ninampangia mimi. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani ananifumbua macho. Naweka msala, soksi jozi mbili, sweta la pili juu ya lile alilovaa, tochi ya kichwani na chupa ya chai. Spana anabeba mwenyewe, maana anasema mimi nazichanganya.

Anaitwa Sadiki. Ni fundi wa magari ya dizeli, na katika magonjwa yote ya dizeli kuna mmoja anaoupenda kama mtoto wa mwisho: gari linalochelewa kuwaka asubuhi kwa baridi. Ugonjwa huo haukubali kwenda hospitali. Gari limelala nje usiku kucha katika ukungu wa mwezi wa saba, asubuhi linakoroma, linatema moshi, linakataa, majirani wanaitwa kusukuma. Likishawaka, mwenyewe analiendesha saa nzima hadi gereji, na likifika pale injini ina moto wa kuchemsha chai. Fundi anazima, anawasha, linawaka. Anazima tena, linawaka tena. Mwenye gari anabaki anaapa kwa Mungu kwamba asubuhi halikuwa hivi. Mafundi wengine hapo ndipo wanapomuuzia betri.

Sadiki yeye hamuuzii kitu. Anamwuliza, "Gari linalala wapi?" Akishaambiwa anasema, "Basi na mimi nitalala hapo."

Ndiyo maana amelala Qurus kwa katekista, kwenye benchi la kwaya. Amelala Ngorongoro kwa Senteu, mfugaji mwenye pikapu ya kubebea ndama, akarudi na manyoya ya mbuzi kwenye kofia na shuka jekundu la zawadi, ambalo hadi leo hulivaa akiwa uvunguni mwa magari, akaonekana miguu tu kama mwali. Na ajabu yenyewe ni kwamba hakuna kiumbe anayeogopa baridi kama yeye. Sote wawili tumezaliwa Kondoa, kwenye jua. Mimi Karatu nimeizoea. Yeye kila Juni analalamika upya, kama vile baridi imeletwa mwaka huu kwa ajili yake.

Nyumbani basi ndiyo usiseme. Kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa yetu, maji ya udhu ya alfajiri nimeyapasha moto mimi. Sadiki huamka akayakuta kwenye kopo, yana mvuke, akamshukuru Mungu. Mungu, siyo mimi.

Kazini ana kanuni moja ambayo hata mwanetu Hanifa aliijua kabla ya kujua kusoma. Alfajiri, kabla ya kugusa funguo, anaweka kiganja juu ya injini, kama unavyompima mtoto homa. Ikiwa baridi kabisa, ndipo anaketi kwenye usukani na kuwasha, huku akisikiliza na kuangalia moshi. "Gari baridi linatoa ushahidi mara moja kwa siku," anasema. "Ukiuharibu, urudi kesho."

Mimi naye tunabishana juu ya kanuni hiyo, kwa sababu nina duka la spea mlango wa pili kutoka gereji yake, na miaka yote hii nyuma ya kaunta imenifundisha kutambua ugonjwa kwa kusikia tu mteja anavyolalamika. Nikimwambia, ananijibu kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi: "Mama Hanifa, dawa haiandikwi kwa kusikia."

Mwaka jana, mwezi huohuo wa saba, aliingia dukani kwangu mama mmoja wa Mbulumbulu anayeitwa Felista. Ni mjane, Mwiraqw, miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye meno mazuri. Nayataja meno kwa sababu yalikuja kunisumbua baadaye. Anapeleka karoti na kabichi kwenye kambi moja ya wageni huko juu, ukingoni mwa kreta, kwa pikapu nyeupe aliyoachiwa na marehemu mumewe. Akanieleza, na mimi nikamsikiliza hadi mwisho.

Kila asubuhi pikapu inazungushwa stata hadi mkono unachoka. Inatoa moshi mweupe, mzito, unaonuka dizeli na kuchoma macho. Haiwaki. Dakika ishirini, wakati mwingine arobaini, mpaka majirani watoke. Ikishawaka, siku nzima haina neno. Fundi wa kwanza alimbadilishia betri. Wa pili akabadilisha stata. Wa tatu alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema injini imechoka, itafutwe nyingine. Felista ana ng'ombe wanne wa maziwa, na injini nyingine ilimaanisha kuwauza wawili. Juu ya hayo, mpishi mkuu wa kambi alikuwa ameshamwambia kwamba akichelewa tena watatafuta mtu mwingine wa karoti.

"Ni hita plagi," nikamwambia palepale. Hivyo ni vijiti vidogo vya chuma, kimoja kwa kila pistoni, vinavyopasha moto chumba cha kuchomea kabla dizeli haijaingia. Vikifa, injini ya baridi inapata mafuta lakini haipati joto, nayo inayatema kama moshi mweupe. Injini ikiwa na moto wake yenyewe, haivihitaji.

Sadiki alikuwa mlangoni anafuta mikono. Akatabasamu. "Inawezekana. Na inawezekana pampu inavuta hewa. Na inawezekana kweli injini imechoka. Mama, gari linalala wapi?"

Akaenda jioni hiyohiyo, Jumapili. Jumatatu asubuhi akarudi na pikapu ya Felista yenyewe, amekaa mbele, amekumbatia kabichi. Nikamwuliza vipi.

"Limewaka," akasema. "Mara moja tu."

"Sasa?"

"Sasa narudi leo."

Jumanne akarudi tena. Limewaka. Macho yake yalikuwa mekundu na nguo zinanuka moshi wa mkaa. Jumatano vilevile, limewaka kabla hata ya kumaliza kuzungusha funguo, na macho mekundu zaidi, na akasinzia mbele ya mteja akiwa ameshika spana. Nikamwuliza huko wanakula nini. Akanieleza bila hata kuona haya: makande yenye maziwa, mtindi wa kibuyu, na kuku, ambaye Sadiki alipewa kisu amchinje mwenyewe kwa kuwa mama mzazi wa Felista, Bibi Lusia, anajua adabu za Waislamu.

"Umeshapata ugonjwa?" nikamwuliza.

"Bado," akasema, akageuza uso. Sadiki hajui kusema uongo, lakini kugeuza uso anajua.

Jirani yangu Cresensia anakaanga mandazi mbele ya duka langu, naye hakaangi kimyakimya. Mchana ule alinisogelea na kijiko chake. "Mwenzangu, wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako kalala siku tatu. Kapewa jembe?"

"Anatafuta ugonjwa wa gari."

"Gari gani lisilopona siku tatu, na linawaka kila asubuhi?" Akageuza andazi. "Na yule mama ana meno mazuri."

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Lakini hasira yangu ya kila siku ina kelele, na ile ya Jumatano haikuwa na sauti kabisa. Ilikuwa baridi tu. Dini yetu inamruhusu mwanamume mke wa pili, hilo najua, na najua wanaume wazima waliolitumia. Lakini nilitaka kuambiwa. Nilikuwa nimeolewa miaka ishirini na mitatu na mtu ambaye hakuwahi kunificha hata bei ya soksi, na sasa ananigeuzia uso. Kama kuna mke mwenzangu Mbulumbulu, nimwone kwa macho yangu, siyo kwa kijiko cha Cresensia.

Jioni nilipompangia mfuko, nikapanga na wa kwangu. Sadiki akaangalia mifuko miwili.

"Unakwenda wapi?"

"Kulala linapolala gari," nikasema.

Nilitegemea ababaike. Hakubabaika. Alionekana kufurahi, tena kufurahi kweli, kama mtu aliyekuwa anabeba gunia peke yake akaona mtu anakuja. Hilo likanichanganya zaidi. Ndani ya mfuko wangu nikatia boksi moja la hita plagi, nne, mpya, kutoka kwenye rafu yangu. Sikuzibeba kwa mapenzi. Nilizibeba ili, kama mambo ndiyo hayo, walau nimwonyeshe mbele ya huyo mke mwenzangu nani alijua kitu tangu Jumapili.

Tulipanda kwa Rhotia hadi Mbulumbulu, ukungu umeshashuka kwenye ngano. Felista akatupokea kwa mikono miwili, akanibeba mfuko. Nikamtafuta haya usoni, sikuona. Niliona mtu mwenye wasiwasi. Akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Mama Hanifa, Fundi ataniona mwongo. Sijui gari limepatwa na nini. Yeye akilala hapa, linawaka. Nafikiri linamwogopa."

Bibi Lusia alikuwa jikoni. Ni kibibi kifupi, kimejifunga kitenge juu ya sweta la mwanafunzi, na macho yake hayakosi kitu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika mikono, akaigeuza, akasema, "Mikono yako iko baridi. Wageni wamekuwa wawili leo." Akalisema kwa uzito, kama mtu anayepiga hesabu ya jambo fulani. Nikalala chumba kimoja naye. Sadiki akapewa chumba cha wageni cha mbele, chenye dirisha linalotazama uani, pale pikapu inapolala.

Nimezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nikaamka, kitanda cha Bibi kitupu. Felista nilimsikia mbali, nyuma kabisa kwenye zizi, anakamua. Nikajifunga kanga mbili nikatoka uani ili nijue moja.

Nilichokiona hakikuwa mke mwenza. Alikuwa Bibi Lusia, amepiga magoti kwenye umande, anasukuma jiko la mkaa linalowaka chini ya injini ya pikapu. Pembeni yake yalikuwa yanasubiri majiko mawili mengine, mekundu, mojawapo na utepe uliofungwa kwenye mshikio ili lisipotelee, kwa hiyo limeazimwa kwa jirani. Na juu ya boneti alikuwa ameshatandika blanketi, zito, la maua, limechomekewa pande zote vizuri kuliko nilivyochomekewa mimi usiku.

"Bibi," nikasema, "unafanya nini?"

Akaweka kidole mdomoni. "Usimwamshe Fundi. Siyo gari hii? Inanuna asubuhi. Sasa mgeni atoke kwa watu, alale kwetu, aamke, akute gari imenuna? Ataenda kusema nini huko kwao?"

"Lakini Bibi, amekuja kwa sababu inanuna."

Akaniangalia kwa huruma, kama anayemwangalia mtu ambaye hakulelewa. "Alikuja kama fundi. Alipokula kwangu akawa mgeni."

"Na siku nyingine, Felista anapoondoka peke yake, unaipasha moto?"

"Ya nini? Felista ni wa hapa. Wa nyumbani aone tabu za nyumbani." Akavuta jiko la pili. "Fundi ana adabu sana. Siku ya kwanza niliweka moja. Akagundua, akaniambia, Bibi, usijisumbue. Nikaona huyu mtu amelelewa. Siku iliyofuata nikaweka mawili, na blanketi. Jana akaniambia tena, Bibi, nakuomba sana, usijisumbue. Leo na wewe umekuja. Matatu."

Nikainua macho. Kwenye dirisha la chumba cha wageni kulikuwa na uso. Ulikuwa uso wa mume wangu, umevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, macho mekundu, na chini ya kidevu alikuwa ameshika ndoo ya mchanga. Akanitikisia kichwa, polepole, akaitua ndoo, akaunganisha viganja kama anayeomba dua: usimwambie.

Hapo ndipo kila kitu kilikaa mahali pake, moshi wa nguo, macho mekundu, usingizi wa mchana, kugeuza uso. Mume wangu alikuwa amejua tangu alipoweka kiganja chake kwenye injini siku ya kwanza. Hakuweza kumwambia kibibi yule kwamba ukarimu wake unaharibu kazi, basi akawa anaamka kila siku kabla yake, anakaa dirishani na ndoo ya mchanga asije Bibi akaunguza gari na yeye mwenyewe, na anasubiri siku moja Bibi apitiwe na usingizi. Kwa mwendo ule angelala Mbulumbulu hadi tumzike.

Sitaficha nilivyojisikia. Kwanza nilipata nafuu. Mara hasira ikarudi, na safari hii ilikuwa na kelele zake zote, nikafungua mdomo nimweleze Bibi Lusia sayansi ya dizeli kuanzia mwanzo. Kisha nikauona mkono wake. Alikuwa anachomekea tena pembe ya blanketi iliyochomoka, taratibu, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kwa baridi, na hakuwa amejifunika kitu.

Nikafunga mdomo, nikakaa kwenye kigogo, nikakumbatia magoti.

"Bibi," nikasema, "mimi nasikia baridi."

Akageuka haraka.

"Baridi ya huku siijui. Sisi ni watu wa Kondoa. Hata meno yangu yanagongana." Hapo sikusema uongo sana.

Nilimwona anapima. Kulikuwa na mgeni aliyelala ndani na mgeni aliye mbele yake anatetemeka. Haikumchukua muda. Akalivuta jiko la kwanza kutoka chini ya gari, akalibeba kwa kitenge, akalipeleka jikoni. Akarudi akachukua la pili. Nikamfuata na la tatu.

"Na blanketi?" nikasema, nikiona haya kidogo.

Akalivua kwenye pikapu, akanivika mimi, akanichomekea.

Tukakaa jikoni tumezungukwa na majiko matatu, nikawa natoka jasho kama niko Kondoa kweli. Nikamwuliza habari za ujana wake ili asiinuke. Akaanza kunieleza jinsi alivyoolewa, jinsi marehemu mumewe alivyomletea mbuzi kilema akasema ni mzima, na kila alipotaka kwenda kuangalia gari nilimwuliza, "Halafu yule mbuzi akawaje?" Nje pakaanza kupambazuka, na injini ikapoteza lile joto kidogo ililokuwa imepata. Sadiki aliswali, akangoja hadi saa kumi na mbili, kisha akafungua mlango kwa kishindo cha mtu anayetaka kusikika ameamka. Akatoa salamu. Kupitia mlango wa jikoni nikamwona anaweka kiganja juu ya injini. Akakiacha pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Akaketi, akazungusha funguo.

Nimesikia magari mengi yakigoma maishani, ila sijawahi kusikia linalogoma vizuri kama lile. Stata ilizunguka kwa nguvu, kuonyesha kwamba betri ya kwanza na stata ya kwanza zilikufa bila hatia. Moshi mweupe ukajaa uani, ukaingia jikoni, kuku wakatawanyika. Halikuwaka. Felista akaja mbio kutoka zizini na ndoo ya maziwa, akasimama katikati ya moshi, na machozi yakawa yanamtoka, sehemu kwa dizeli na sehemu kwa furaha. "Umeona, Fundi," akawa anasema. "Umeona. Ndiyo hii. Sikusema uongo."

Bibi Lusia yeye alijifunika uso kwa kitenge. "Aibu gani hii," akasema. "Mbele ya mgeni."

Sadiki akashuka, akaja mpaka mlangoni, akachuchumaa mbele yake ili macho yao yawe sawa. "Bibi," akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Leo kwangu ni ya nne. Mimi siyo mgeni tena, na hili gari ndilo jembe langu. Niache nilime."

Bibi akashusha kitenge kidogo, jicho moja likatoka, kisha la pili. Akacheka. Alicheka hadi akashika jiko la moto kwa kusahau, ikabidi tumtie maji kwenye kidole.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Moshi ulikuwa umeshasema kwamba mafuta yanafika na joto halifiki. Sadiki akashika spana, akafungua hita plagi zote nne, akazipanga kwenye gunia, akazigusisha moja moja kwa waya kutoka kwenye betri. Ya kwanza ikabaki nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya tatu ikawa nyekundu nchani, kwa uvivu. Ya nne nyeusi. Injini ile iliyosemekana imechoka, ilikuwa inaamshwa kila asubuhi na kijiti kimoja kigonjwa.

"Tutashuka Karatu kuzinunua," akasema.

Nikaweka boksi langu juu ya gunia. Akaliangalia, akaniangalia.

"Ulizibeba?"

"Nilizisikia Jumapili," nikasema.

Akazifunga. Kabla ya kuwasha alimwita Felista aketi mwenyewe kwenye usukani, asubiri taa ndogo ya njano izimike, ndipo azungushe. Ikawaka kwa mzunguko mmoja, injini ya baridi kabisa, hakuna mkaa, hakuna blanketi, hakuna jirani wa kusukuma. Felista akaweka mikono kichwani akacheka, meno yote nje, na nilipoyaona nikayaona mazuri tu, kama ya mtu yeyote mwenye ng'ombe wanne ambao hatawauza. Karoti zilifika kambini kabla ya wapishi kuzihitaji.

Sisi tulishuka Karatu nyuma ya pikapu hiyohiyo, juu ya magunia. Nilingoja tupite Rhotia ndipo nikaanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwambia."

Ni kweli, tena nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia alfajiri ileile na Mungu ndiye aliyenifunga. Tukapita shamba moja la ngano na lingine.

"Watu wanasema una mke Mbulumbulu," nikasema.

Akanigeukia. Nilimwona kabisa kwamba neno hilo halikuwahi kumpitia kichwani. "Nani anasema?"

"Watu." Nikaangalia karoti. "Na mimi nilisema. Moyoni. Siku nzima ya jana."

Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Alivua lile shuka la Senteu akanizungushia, akabaki na masweta mawili anatetemeka, mtu anayeogopa baridi kuliko viumbe wote. Akasema, "Mwamini," jina langu, ambalo huwa halitumii tangu azaliwe Hanifa. Karatu, Cresensia alituona tunashuka kwenye magunia tumejifunika shuka moja, kijiko kikamponyoka ndani ya mafuta.

Kesho yake alfajiri niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikaenda jikoni kupasha maji. Nikakuta jiko linawaka. Juu yake sufuria la maji, lina mvuke, na mbele yake amechuchumaa Sadiki na kofia yake ya sufu, anapepea mkaa kwa kifuniko cha boksi la hita plagi. Miaka ishirini na mitatu, ndiyo mara ya kwanza.

"Baba Hanifa," nikasema, "usijisumbue."

Siku iliyofuata nilikuta masufuria mawili.